Takataka za Kuazima

Yote yaliletwa na mbuzi. Asubuhi moja, kwetu Matinyani, nilimkuta mbuzi wetu jike kando ya ua akitafuna kitu kisichoisha. Nikamshika pembe, nikaanza kukivuta. Ikatoka nailoni ndefu, imesokotwa, nami navuta tu kama mtu anayetoa ndoo kisimani. Mbuzi akanikazia macho, kana kwamba nimempokonya chakula cha mchana.

Nilimwambia mume wangu kwamba lazima watu waambiwe waache kutupa takataka njiani. Akacheka. "Hapa watu huambiwa kila Jumapili waache dhambi. Umeona wameacha?"

Basi sikumwambia mtu. Nilichukua gunia tupu la mahindi, na kila asubuhi nikawa naokota kutoka nyumbani hadi sokoni: chupa za soda, karatasi za biskuti, na vingine ambavyo sitavitaja. Mume wangu tukikutana njiani alinisalimia kwa adabu, "Habari ya asubuhi, mama," kama mtu anayeniona kwa mara ya kwanza, kisha akaharakisha.

Uchaguzi ulikuwa unakaribia, na minong'ono ikaanza. Siku moja mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama alikuja nyumbani na wenzake wawili. Walikataa chai, nikajua jambo ni zito.

"Dada, tuambie ukweli," mwenyekiti akasema. "Unataka kiti gani?"

"Viti si hivyo hapo? Ketini popote."

"Usitucheze. Nani huokota uchafu wa wenzake bure? Ni uwakilishi wa wadi, sivyo?"

Nikakana. Wakatazamana. "Wote husema hivyo mwanzoni," mmoja akanong'ona.

Mama mkwe, aliyekuwa amekaa mlangoni akipepeta pojo, hakuinua hata kichwa. "Kura yangu anayo," akasema.

"Mwaitu, mama yangu, sigombei chochote!"

"Najua, mwanangu. Lakini ukibadilisha nia, ninayo."

Habari zilimfikia mtu aliyekuwa akikitafuta kiti hicho kwa kweli. Alitokea sokoni asubuhi, suti imenyooka, glavu mpya mikononi, na vijana wawili na simu zao tayari kwa picha. Bahati mbaya nilikuwa nimeshapita. Walizunguka soko lote wakitafuta hata chupa moja, wakakosa. Mwishowe akanijia.

"Mama, tafadhali, tuazime takataka zako kidogo."

"Za kufanyia nini?"

"Za kuokota."

Nilijikaza nisicheke. "Sawa, Mheshimiwa. Lakini nikizimwaga, utaziokota zote. Wewe mwenyewe."

Alikubali haraka, kama mtu ambaye hajaliangalia gunia vizuri. Nikalipindua. Akaokota chupa moja, akapigwa picha, akanyoosha mgongo.

"Bado!" akapaza sauti mama wa duka la hapo sokoni.

Wanawake waliotoka kuteka maji waliteremsha mitungi yao, wakakaa kutazama. "Ile nyuma yako, Mheshimiwa! Hapana, kushoto!" Akavua koti. Akainama, akainuka, mpaka na yeye akashindwa kujizuia, akaangua kicheko. Kisha akaokota karatasi ya kampeni yenye sura yake mwenyewe ikitabasamu. Aliitazama kidogo, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Huu ni uchafu wa wiki nzima?" akauliza, jasho likimtiririka.

"Ni wa leo."

Akainama tena, akaokota mpaka gunia likajaa.

Kiti alikikosa. Watu wakangoja niache kuokota, kwa kuwa kura zilikwisha hesabiwa. Sikuacha, na hilo liliwachanganya kuliko yote. Kisha mama wa duka akatundika gunia lake mlangoni. "Nimechoka kukuona umeinama hapa kwangu," akaniambia. "Wateja watadhani sina macho." Mwenyekiti naye akaleta wenzake Ijumaa moja, kila mmoja na gunia, na safari hiyo chai walikunywa.

Mume wangu aliendelea kunisalimia kama mgeni. Lakini alipotoka harusini kule Kasikeu, nilichukua koti lake nikalifue. Mifuko ilikuwa imevimba. Nikatoa karatasi za peremende, vifuniko vya soda, hata chupa ya maji iliyopondwa.

"Baba, hizi ni nini?"

Akatazama kando. "Sikuona pa kuzitupa."

"Uwanja mzima wa harusi?"

"Usimwambie mtu," akasema.

Nikamwambia mama mkwe siku hiyo hiyo.