Ramadhani Bila Mapumziko

Tangu hedhi yangu ikatike, joto hunipanda ghafla mpaka shingoni. Daktari hapa Isiolo alinipa vidonge, akanikataza chai kali, akaniambia nitembee kila jioni. Ramadhani ilipofika nikawa nameza vidonge wakati wa daku, lakini mchana sikutulia: nakaa, nasimama, navua mtandio, nauvaa tena.

Juzi niliingia jikoni. Binti yangu alikuwa kwenye siku zake, kwa hivyo hafungi. Alikuwa akila chapati kwa kujificha, kama tulivyozoea kujificha pamoja tangu avunje ungo. Akanisogezea sahani.

“Nimefunga,” nikasema.

“Na jana ulifunga! Mwaka huu hupumziki, mama?”

“Sipumziki tena mpaka nife,” nikamjibu kwa ukali, nikatoka nje kutafuta upepo.