Fimbo Sita za Mwalimu Ambakisye

Mimi Ambakisye nina hasira za karibu, sitaki kuficha. Mke wangu anajua, majirani wanajua, na wanafunzi ndio wanajua zaidi. Huu mwaka wa kumi na moja tangu nitoke Tukuyu kuja kufundisha Kiingereza kwenye shule moja ya kata, mbele kidogo ya Mpui, huku Ufipa.

Siku hiyo nilikuwa nafundisha misemo kidato cha nne. Waingereza, mtu akikosea sana halafu akaadhibiwa kidogo tu, husema amepewa kibao cha kifundo cha mkono. Nikasisitiza na sarufi yake: kibao hicho mtu anapewa, hatusemi amekifanya. Haya, nani ana mfano? Jenifa, binti anayeongoza darasa, akanyoosha mkono.

"Samahani mwalimu, hapa shuleni kwetu nani amewahi kupewa hicho kibao chepesi?"

Darasa zima likaangua kicheko. Basi! Nikaona nimedharauliwa. Nikamwita mbele nikamchapa viganjani, fimbo sita, bila ruhusa ya mkuu wa shule wala kuandika popote. Hakulia.

Kesho yake hakuja, keshokutwa hakuja, na mtihani wa taifa ulikuwa umebaki wiki tatu. Siku ya nne Mwalimu Lydia, wa malezi, akanifuata ofisini.

"Mtoto aliuliza swali tu, Mwalimu Ambakisye. Uliomba mifano mwenyewe. Bibi yake anasema hamrudishi kwa mtu anayepiga hivyo. Nenda wewe, mimi siendi kukuombea."

Nilitaka kumjibu jeuri, lakini kila alilosema lilikuwa kweli. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Jioni nikaenda kwao. Njia nzima napanga maneno: nimwamkie bibi, halafu nieleze kidogo kwamba darasa lilinichokoza. Yaani hata hapo bado najitetea! Bibi Coleta nilimkuta uani anapepeta ulezi. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuweka ungo chini. Yale maneno yote niliyopanga yakayeyuka.

"Bibi, nimekosa. Nimempiga mtoto bila kosa. Naomba arudi afanye mtihani wake, sitamgusa tena."

Akaita ndani kwa Kifipa. Jenifa akatoka. Wafipa wakimsalimia mtu wanayemheshimu huchuchumaa wakapiga makofi taratibu. Mtoto akachuchumaa mbele yangu, akapiga. Kiganja cha kulia kilikuwa kimefungwa kitambaa, cha kushoto kimevimba, na makofi yenyewe hayakusikika.

"Acha, mwanangu," nikasema. "Inatosha."

Hakuacha mpaka alipomaliza kama alivyofundishwa kwao. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

"Jumatatu atakuja," bibi akasema. "Huo mtihani ataandikia mkono gani, utamwambia wewe."

Tangu Jumatatu hiyo mimi ndiye ninayemwandikia notsi zake zote, na kumtazama usoni bado siwezi.