Spika Tano Sebuleni kwa Mzee Thadeus

Firdaus Mbaruk hafungui kasha la spika kabla ya kuuliza swali moja: katika nyumba hii, nani hukaa wapi? Kanuni hiyo aliachiwa na baba yake, aliyekuwa fundi wa redio mjini Voi tangu enzi za kaseti. Firdaus ameishika miaka yote ya kazi yake, isipokuwa siku moja.

Si mwanamke wa kupuuza mambo. Duka lake dogo nyuma ya soko halijawahi kuuza waya bandia, na mteja akitaka afungiwe kitu kwa njia ya mkato, humrudishia kitu chake na kumwambia aende salama. Hupanda ngazi na buibui lake, mikono ya nguo imebanwa kwa pini, bisibisi mdomoni, na wanaume waliozoea kumcheka siku hizi humpigia simu. Mtu wa namna hiyo akivunja kanuni yake, huwa si kwa kutojua. Huwa ni kwa haraka, na haraka ni udhuru ambao kila mtu hujisamehe upesi mno.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Rita, binti wa Mzee Thadeus wa Marungu, alifika dukani na gari la kukodi na kasha lililojaa kiti chote cha nyuma.

"Dada Firdaus, niokoe," alisema. "Kesho wakwe wanakuja kuleta posa. Nataka wakikaa wasikie mziki umewazunguka kama wako ndani ya kanisa."

"Nina kazi Kasigau alasiri, na ile barabara unaijua."

"Utamaliza mapema. Sebule yenyewe ndogo!"

Walipofika Marungu, Mama Priscilla, mamake Rita, aliwapokea mlangoni akiwa na onyo tayari. "Karibu mwanangu. Fanya kazi yako, lakini vitambaa vyangu usiviguse. Nimevifua jana."

Vitambaa hivyo vyeupe vilifunika kochi kubwa lililotazamana na runinga. Lilikuwa kochi la wageni. Katika nyumba ile, kama katika nyumba nyingi za huko, mahali pazuri zaidi hawapakalii wenyewe. Pananyooshwa, panafunikwa, panangojea mgeni. Firdaus analijua hilo vizuri, maana hata kwao ndivyo ilivyo. Lakini jua lilikuwa linapanda na Kasigau ni mbali. Aliliangalia kochi akaona limekaa katikati, sawasawa kabisa na runinga, akafungua kasha bila kuuliza.

Spika ya katikati aliiweka chini ya runinga, kwa sababu hiyo ndiyo hubeba maneno ya wanaozungumza. Mbili akazisimamisha kulia na kushoto, kwa ajili ya mziki. Mbili zilizobaki akazitundika ukutani nyuma ya kochi. Hizo hubeba yale yanayomzunguka mtu: mvua, magari, makofi ya watu. Besi, ile spika ya mshindo mzito, akaificha pembeni. Kisha akaomba ruhusa, akasogeza kitambaa kidogo, akaketi kwenye kochi la wageni na kupima sauti zote kutoka hapo mpaka zikakutana masikioni mwake bila moja kuizidi nyingine.

Rita alipoweka picha ya mvua, Mama Priscilla alikimbilia mlangoni. "Yesu! Na nguo nimeanika!"

"Mama, hiyo ni ya tivii!" Rita alicheka hadi akashika ukuta.

Wakati huo Mzee Thadeus aliingia kutoka zizini, akaketi kwenye kiti chake cha mbao kando ya mlango, nyuma ya kochi. Alikaa kiubavu, macho nje kwa mbuzi wake, sikio la kulia likielekea sebuleni. Sikio la kushoto lilikufa zamani, alipokuwa akiendesha mashine za kuchana mkonge. Juu ya kichwa chake, karibu sana na lile sikio zima, ilining'inia mojawapo ya spika za nyuma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Mtambo umekubali?"

"Umekubali, mzee."

Hapo angeweza kuuliza. Swali lilikuwa limekaa mbele yake kitini. Firdaus alikunja nyaya zilizobaki, akabeba mkoba wake na kwenda Kasigau.

Hakusikia lolote kutoka Marungu mpaka Mama Priscilla alipokuja mwenyewe dukani, amevaa kama mtu anayekwenda kwenye kilio.

"Mwanangu, njoo uondoe mtambo wako."

"Umeharibika, mama?"

"Mtambo mzima. Mzee ndiye amehamia jikoni. Zamani akisikiliza taarifa ya habari, hapumziki mpaka atueleze sisi sote kama hatukuwa na masikio. Sasa nikimwita aje asikilize, anasema anasikia watu wakipiga makofi tu, hawasemi neno. Sikio limekwisha. Na watu wote wameliona hilo siku ya posa."

Akamweleza. Wakwe waliketi kwenye kochi, wakausifu mziki, wakaomba usizimwe, upunguzwe tu. Rita alikuwa ameweka kwaya iliyorekodiwa mbele ya umati. Msemaji wa wageni alisimama, akamgeukia Mzee Thadeus na kumwomba ruhusa ya kuingia katika ukoo wake. Mzee alitabasamu. Msemaji akarudia. Mzee akatabasamu tena, akiitikia kwa kichwa kama anayesikiliza jambo la mbali. Watoto waliokuwa dirishani wakaanza kucheka. Ili aibu isienee, Sylus, mdogo wake mzee, akasimama na kujibu kwa niaba ya nyumba.

Firdaus alifunga duka papo hapo.

Alipoingia katika sebule ile hakwenda kwenye runinga. Alikwenda kuketi kwenye kiti cha mlangoni, uso nje, akaziba sikio lake la kushoto kwa kiganja.

"Washa ile kwaya," alimwambia Rita.

Makofi na vigelegele vilimwagika kichwani mwake kutoka juu. Waimbaji walikuwa mbali, kama walio ng'ambo ya bonde. Mama Priscilla alisema naye kutoka katikati ya sebule. Kwa pembe ya jicho Firdaus aliona midomo yake ikicheza, wala hakushika neno. Aliondoa kiganja. Alipoinuka alishusha ile spika ya nyuma na kuihamishia ukuta wa pili. Ya katikati aliielekeza mlangoni na kuiongezea nguvu, kisha akapima upya kila kitu kutoka kwenye kile kiti cha mbao.

Rita alijaribu kochi, akakunja uso. "Sasa hapa si kama ile siku. Utamu umepungua."

"Na hapo hukaa nani?" mama yake alimuuliza.

Mzee aliitwa kutoka jikoni wakati wa taarifa ya habari ya saa saba. Alikaa bila hamu, macho kwa mbuzi. Msomaji akaanza. Mzee aligeuza shingo polepole, akaiangalia runinga, akamwangalia mkewe.

"Kumbe hawa watu bado wanasema!"

"Wanasema, baba Rita. Haya, tueleze basi."

Firdaus alichutama mbele yake ili amwone usoni. "Mzee wangu, sikio lako halina kosa. Kosa ni langu. Nilifunga spika bila kukuuliza unakaa wapi. Niwie radhi."

"Nimekuwia radhi, binti yangu. Na mimi nilinyamaza. Nilidhani hili nalo limekufa, nikasema nikitabasamu pengine hawatajua."

"Basi wakwe waambiwe. Warudi, waulize tena, ujibu mwenyewe."

Mzee alitikisa kichwa, na Mama Priscilla ndiye aliyejibu. Katika ukoo wao, anayewajibu wakwe siku ya kwanza ndiye hubeba maneno mpaka harusini. Msemaji habadilishwi njiani. Kumbadilisha ni kuwaambia wakwe kwamba neno la kwanza lilikuwa batili, na binti aanze upya kama asiyeposwa. Sylus mwenyewe alikuwa amekuja kumwomba kaka yake msamaha, naye alisamehewa, lakini jambo halikurudi nyuma.

Rita aliolewa Desemba. Sylus ndiye aliyesimama, akapokea salamu za wageni, akataja majina ya mababu na kumtoa binti kwa maneno mazuri. Mzee Thadeus aliketi kando yake, akasikia kila neno, wala hakuruhusiwa kusema hata moja. Rita ndiye binti yake pekee.