Sabuni ya Katekista

Sokoni Kenya, mtaa wa Élisabethville ya zamani, nauza karibu kila kitu, lakini sabuni ya mche, ile ya manjano inayonuka mafuta ya wanyama, siigusi. Mteja akiiulizia, namwelekeza kwa jirani. Harufu yake ikinifikia tu, mate yananijaa kinywani, natafuta pa kutema.

Tuliishi kambi ya wafanyakazi, Élisabethville, wakati wa Wabelgiji. Kambo, ndivyo tulivyomwita bibi, mama yake baba, alitoka kaskazini na rozari yake, na misa hakukosa. Lakini alfajiri, kabla ya kuwasha makaa, alikaa mkekani, miguu ameinyoosha, mikono tumboni, akapumua polepole bila neno. Nilikaa naye. Baada ya muda joto lilianza tumboni, kama chai ya asubuhi ya baridi, likatambaa hadi ncha za vidole. Kambo aliliita uzima, basi. Hakuniuzia maelezo.

Siku moja katekista aliuliza darasani nani amewahi kumsikia Roho Mtakatifu ndani yake. Wenzangu walitazama chini. Mimi, mjinga wa kusema kweli, nikaeleza habari yote ya mkeka. Akauliza tunasali sala gani. Nikasema hakuna, tunanyamaza. Alinivuta hadi kwenye beseni lake la kunyolea, akanisindilia kinywani sabuni ya mche yenye nywele za ndevu zake. Vidole vilinuka tumbako. Nilimtapikia uji kwenye viatu; faida yangu ilikuwa hiyo tu.

Jioni akaja nyumbani: sitapokea komunyo. Na bila komunyo, masista hawakumpokea msichana shuleni. Baba alisimama, kofia mkononi, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kambo akauliza taratibu:

— Mwalimu, uliweka nini mu kinywa ya mutoto?

— Sabuni, mama. Juu shetani atoke.

— Na alitoka?

Katekista akamtazama baba, akakohoa.

— Alitoka.

— Basi mutoto iko safi. Andika jina yake.

Aliandika. Siku ya komunyo nilisubiri joto. Hostia ikanata tu kwenye kaakaa.

Tangu jioni ile, kila alfajiri kambo alifunga mlango wa chumba chake. Nikigonga, aliniambia nirudi kulala. Nilidhani amenikasirikia. Ni ukubwani, baada ya kubishana bei na watu wasiopunguza hata kidogo, nilipoyahesabu upya mapatano yale, mara mbili, ndipo nilipoona kwamba katekista hakuondoka mikono mitupu. Shule yangu ilikuwa na bei, na kambo aliilipa kwa alfajiri zetu, akikaa mkekani peke yake nyuma ya mlango, ili darasani nisiwe tena na kitu cha kusema.