Mavyaa Alipoingia Baharini

Aliyesema mwanamke haoni haya mbele ya mwanamke mwenzake hakupata kuishi na mavyaa. Mimi naishi na wangu hapa Kibuyuni, nyumba moja, jiko moja, na huona haya hata kukohoa mbele yake. Si mkali. Ni mpole, na upole wake ndio unaonimaliza, kwani tangu niolewe na mwanawe hajapata hata siku moja kuniuliza mbona tumbo langu liko vile vile.

Hana haja ya kuuliza. Sisi huswali pamoja, bega kwa bega. Mwanamke akiwa katika siku zake haswali, kwa hiyo kila mwezi ninapobaki nimekaa kizingitini huku yeye akitandika mkeka peke yake, habari imekwisha kumfika. "Mungu hamtupi mja wake," husema, kisha huendelea na swala yake. Nami hutamani ardhi ipasuke inimeze.

Muwasho ulinianzia kwenye mwani. Wanawake wengi wa hapa tunalima mwani: bahari ikipwa, maji yakitoka, tunaingia mpaka kiunoni, tunafunga vipande kwenye kamba, halafu tunarudi nyumbani na leso zilizolowa zikitukaukia mwilini. Nikaanza kuwashwa huko chini, muwasho wa kutaka kulia, na kutokwa na kitu cheupe kama maziwa yaliyoganda. Nikaona ni uchafu wangu. Nikajiosha kwa sabuni ya kufulia, kwa limau, kwa maji ya mwarobaini. Nikajifukiza udi mpaka jirani akanitania kwamba mume wangu ana raha. Raha gani! Kadiri nilivyojisafisha ndivyo nilivyozidi kuungua.

Mume wangu anafua mashuka katika hoteli moja Diani na huja nyumbani siku zake za mapumziko tu. Siku hizo ndipo kichwa kilipokuwa kikiniuma, mgongo ukinivunjika, usingizi ukinishika hata isha haijaadhiniwa. Nilikuwa namlilia Mungu anipe mtoto, na baba wa huyo mtoto nikimgeuzia mgongo. Ukinicheka sikulaumu.

Mwishowe nikaenda zahanati, tena ya mbali, upande wa Msambweni nisikojulikana. Muuguzi alikuwa msichana wa bara mwenye sauti ya mnadani.

"Unawashwa wapi, mum? Huko chini? Sema tu, hapa hakuna mtu anakucheka."

Benchi zima la nje likanyamaza kusikiliza. Nilikaribia kumrukia. Akaniambia ni fangasi, si uchafu, na niache kujiosha ndani kwa hayo madawa yangu. Akasema fangasi hazizuii mimba, ila mimba haiji kwa watu wasiokaribiana. Akanipa vidonge vya kuingiza, akanikataza kuingia baharini kwa muda na kukaa na nguo mbichi.

Nyumbani nilimwambia mavyaa kipande kimoja tu: "Nimeambiwa nisiingie baharini kwa muda." Sikusema uongo. Nilishindwa tu kulitamka hilo jambo mbele ya mama wa mume wangu. Akanitazama, akaweka mkono kinywani, akasema, "Alhamdulillahi." Nilipokuja kuelewa alichoelewa yeye, alikuwa amekwisha kutoka uani akiimba.

Tangu hapo hakuniacha nishike hata ndoo. Maji yakitoka aliingia baharini yeye, na magoti yake mabovu na ugonjwa wake wa sukari, akafunga mwani wangu. Akirudi, leso zinamchuruzika, jambo la kwanza ni kuniuliza nimekula nini. Nami nimekaa kivulini, mkavu, ninapona. Kila siku nilifungua kinywa nimwambie, na kila siku nilikifunga. Niliona aibu ya kusema, nikaona na aibu ya kunyamaza, na ya kunyamaza ikawa nyepesi kidogo.

Kisha siku zangu zikaingia. Magharibi ilipoadhiniwa nilikaa kizingitini kama kawaida. Mavyaa akatandika mkeka, akanisubiri, akageuka. Uso ukamshuka.

"Yarabi! Umetoka damu?"

"Ndiyo, mama."

"Lala chini! Usitembee! Ngoja nikamtafute mwenye gari tukupeleke Msambweni, huenda bado yaweza kushikika." Alikuwa ameshika buibui, hauoni mkono wa kuingilia.

"Hakuna mimba, mama," nikasema. "Haikuwapo. Nilikuwa nawashwa huko chini. Ni fangasi, ndiyo maana nikakatazwa maji."

Sauti ilinitoka kubwa, na mwili wote ukaniwaka kwa haya. Buibui likamponyoka. Akaketi juu ya mkeka, swala inampita. Nilingoja anitukane, na wallahi ningefurahi angenitukana.

"Kuwashwa vipi?" aliuliza, akitazama ukuta.

Nikamweleza yote, nami nikitazama sakafu.

"Na hicho cheupe kinatoka?"

"Ndiyo, mama."

Akajikaza leso kiunoni. "Basi nami siku hizi hata kukaa sikai," akasema polepole. "Tangu niingie majini. Nilidhani ni uzee."

Nilitaka kulia. Alisimama baharini kwa ajili ya mjukuu asiyekuwapo, akawashwa kimya kimya, na kila jioni akiniuliza mimi kama nimekula. Nikamwambia asubuhi twende zahanati, nitamwonyesha mlango, nitakaa naye.

Akaliokota buibui, akalikunja.

"Majirani wakituuliza njiani," akasema, "tuseme nakupeleka wewe, mambo ya uzazi. Sawa, mwanangu? Wewe wamekwisha kukuzoea."

"Sawa, mama," nikasema.