Mabati ya Bibi wa Kibingo

Mwaka niliokuwa mwenyekiti wa vijana wa usharika wetu wa Kilutheri, Karagwe, tulimwahidi bibi mmoja wa Kibingo, huko Kyerwa, kwamba tungekwenda kumjengea nyumba. Yake iliezuliwa na upepo. Yeye na wajukuu wake walikuwa wakilala kwenye jiko la jirani, pamoja na mbuzi. Miti ya kujengea ilikuwepo, na mikono tulikuwa nayo. Mabati alituahidi mfanyabiashara mmoja wa mjini, Mkatoliki kutoka Muleba, mtu wa kucheka sana.

Wiki ya safari nilikwenda dukani kwake. Siku hiyo hakucheka.

"Mwanangu, nimeyauza," alisema akitazama kaunta. "Mama watoto amelazwa Mwanza. Figo."

Nilimpa pole. Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Nikakaa kwenye ngazi za duka. Mvua zilikuwa zimeshaanza kunyesha, na bibi alikwishapewa habari kwamba tunakwenda.

Nikaanza kupita nyumba kwa nyumba. Kila mahali jibu lilikuwa lilelile: "Kahawa bado iko mtini, waitu, ndugu yetu. Njoo tukishavuna." Ofisa mmoja alifungua geti nusu, akauliza, "Kwani hao wa Kibingo hawana kanisa lao?" Jumapili tukafanya mnada nje ya kanisa: mikungu ya ndizi, maharage, kuku mmoja. Watu waliangalia viatu vyao. Ndizi zilibaki palepale, zikinyeshewa. Nilikwenda nyuma ya kanisa kuomba, maneno yakanigomea. Nilisema tu, "Bwana, nimechoka."

Kesho yake mzee mmoja wa kwaya alinipigia simu. Ng'ombe wake alikuwa amewauza wote.

"Njooni mbomoe banda," alisema. "Mabati yana kutu, lakini kutu si tundu."

Tukayang'oa wenyewe, tukapanda Fuso lililokuwa likienda Kyerwa kuchukua ndizi. Huko Kibingo mabati yalitosha chumba kimoja tu. Sebule tuliiacha na miti yake mitupu, mvua ikiingia humo wakati sisi bado tunakandika ukuta wa pili.

Bibi alikuja akiwa amejifunika kanga kichwani.

"Shikamoo bibi," nikasema. "Tusamehe. Tumeshindwa kumaliza."

"Marahaba, mwanangu." Akaingia, akainua macho. "Huku haivuji?"

"Inavuja kidogo, pale pembeni."

"Basi hapo nitaweka sufuria."

Akawaita wajukuu. Waliingia mbio wakiwa wamebeba mikeka, wakagombania kulala upande wa ukuta wa ndani.

Wenzangu waliimba wakati tunaondoka. Mimi nilikaa nyuma ya Fuso, nikivuta turubai mpaka usoni ili wasinione nikilia. Msimu ule wote sebule ile haikuezekwa. Nililikumbuka hilo kila mvua ilipogonga bati letu nyumbani, na sikupata mtu mwingine wa kumwomba.