Ubao wa Mwalimu Metz

Jikke Metz ana miaka sabini na moja, na ishirini na sita kati ya hiyo ameimaliza akifungua na kufunga mlango mmoja: chumba cha shule ya zamani ya kijiji chetu, kisiwani Ameland, ambacho siku hizi ni makumbusho. Anafagia mchanga, mchanga unarudi. Wageni wakiingia, huwapeleka kwanza kwenye ubao wa baba yake.

Baba alikuwa mwalimu hapo. Aliuokota ubao ufukweni baada ya dhoruba, akaupaka rangi nyeupe na kuandika kwa buluu: "Kisiwa: kwetu eiland, kwa Wafaransa île, kwa Warumi insula. Ndugu watatu wa tumbo moja." Watu hupiga picha. Jikke hueleza kwa sauti ileile, magoti yakimuuma.

Shida ni kwamba si kweli. Amelijua hilo miaka kumi, tangu afungue kamusi kubwa akitafuta jambo lingine. Neno la Wafaransa lilitoka kwa Warumi, sawa. Letu ni la watu wa kaskazini: kipande chake cha kwanza kilikuwa maji, cha pili nchi kavu. Yamefanana tu, kama wazee wawili walionunua kofia duka moja. Alifunga kamusi, akaendelea kueleza, na kila mtoto aliyeitikia kwa kichwa alimwongezea mzigo.

Februari hii mzigo ukamshinda. Akamwita mdogo wake Wobbe, fundi mashua mstaafu, aje na bisibisi waushushe ubao.

"Nani kalalamika?" Wobbe akauliza.

"Hakuna."

"Sasa? Kisiwa kizima ni kondoo na wastaafu. Nani atajua?"

"Mimi najua."

"Dada, baba keshakufa. Unataka kumpa mtihani?"

"Angefeli. Kaa unywe kahawa."

"Kahawa yako yenyewe ni mtihani." Alikaa, lakini bisibisi akairudisha mfukoni. "Watu watasema watoto wa Metz wamemuumbua baba yao. Ukiushusha, Jumapili supu yako ya njegere unywe peke yako."

Jikke akamsogezea kikombe. "Unaukumbuka mlango wa jikoni?"

Wobbe aliukumbuka. Bahari iliuleta, mlango mzuri wa mwaloni, baba akaupachika jikoni. Majira ya kuchipua nahodha akaja kuulizia mali yake. Hakuna aliyemnyooshea baba kidole, ila aliung'oa mwenyewe, akambebea hadi gatini. Familia ilikula nyuma ya pazia lililotundikwa mahali pa mlango hadi Julai. Cha bahari ni chako mpaka mwenyewe atokee. Ndivyo tulivyolelewa sote huku.

"Basi mwenyewe wa neno lile katokea kwenye kamusi," Jikke akasema. "Miaka kumi namfungia nje. Nimechoka, Wobbe."

Wobbe alikoroga kahawa iliyokwisha kupoa. Kisha akainuka, akazitazama skrubu za ubao.

"Zimeshika kutu."

"Ndiyo maana nikaita fundi."

Waliugeuza ubao, maandishi ya baba yakatazama ukuta, salama. Upande wa pili Jikke aliandika asili ya kila neno. Wobbe akasoma mpaka mwisho.

"Hujaweka jina lake."

Jikke akaongeza chini: "Ubao uliokotwa na Mwalimu Metz."

Jumapili Wobbe alikuja na mkate wake wa ngano nyeusi, akanywa supu sahani mbili. Maelezo sasa ni marefu kuliko zamani, na magoti yanauma vilevile. Jikke ameweka kiti kando ya ubao, anaeleza akiwa ameketi.